Nusu Kubwa

Wewe unayesoma hapa ulipita Ikutha mwaka ule wa tisini na sita. Ulimwona Kalondu ameketi nje ya dispensari, ukageuza uso kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Leo unarudi siku ile ile, na uso hugeuzi.

Kalondu alifukuzwa kwa ajili ya kidonge. Bomani kwao, watoto wa wake wenza wakiugua pamoja, mkono mmoja ndio huwapa dawa, asije mtu akasema mwenzake kamlishia mtoto sumu. Malaria ilipowashika Mbinya, mtoto wake, na Kiilu, mtoto wa mke mwenzake Kalunde, zamu ilikuwa ya Kalondu. Muthama wa dispensari, aliyeitwa daktari ingawa hakuwa, alichota vidonge koponi, akavitia kwenye bahasha: nusu kwa kila mtoto. Kalondu akavipasua kwa wembe. Havikupasuka sawa hata siku moja. Upande mmoja ulikuwa mnene. Nusu kubwa alimpa Kiilu, kila mara, mamake akiona, kwa heshima.

Mbinya akapona. Kiilu akazikwa Alhamisi.

"Amembagua mwanangu," Kalunde akasema, na wazee wakamsadiki. Kalondu akaondoka bila mtoto wake. Wakamwambia angerudi siku ya kuonyesha kwamba mkono wake ni safi.

Vidonge sita vilibaki kwenye bahasha. Kalondu akavipeleka kwa Wanjiro, mwenye duka la dawa huko Salama, naye akavituma ng'ambo kwa mwalimu wake aliyekuwa na mashine ya Raman. Mashine hiyo humulika kidonge kwa mwanga mwembamba wa leza, nukta kwa nukta. Dawa hurudisha mwanga kwa namna yake, unga wa kujazia kwa namna yake, na hapo ramani huchorwa. Ilichukua miezi saba.

Wanjiro akaitandaza ramani bomani mbele ya wazee, Kalondu akiwa kando yake. Nyekundu ni dawa, buluu ni unga mtupu. Katika vyote sita, nyekundu ilikuwa imerundikana upande mwembamba.

"Kiwandani hawakuchanganya vizuri," akasema. "Mama huyu hana kosa."

Muthama, aliyekuja kusikiliza, akacheka. "Siku hizi hata vidonge vinapigwa picha? Vinataka kitambulisho?"

Mbinya alikuwa ameshashika sketi ya mamake. Kalunde akaweka kidole juu ya ile buluu.

"Hii ndiyo uliyompa Kiilu?"

"Ndiyo, mwenzangu. Ile kubwa."

"Na ungekuwa mchoyo?"

Kalondu akamvuta Mbinya karibu. Kalunde akamgeukia Wanjiro.

"Nijibu wewe basi, msichana wa vidonge. Wangu angepewa ile ndogo, ingekuwaje?"

"Pengine angepona," Wanjiro akasema polepole. "Na Mbinya pengine asingepona."

Kalunde akaikunja ramani mara nne. "Basi huyu Mbinya anatembea na dawa ya mwanangu tumboni. Mama yake asikanyage hapa."

Wazee wakatazama viatu vyao. Mbinya wakambandua kwenye ile sketi, kidole kimoja kimoja.

Tangu siku hiyo Kalondu hukaa nje ya dispensari, akimwambia kila mama anayetoka asipasue kidonge. Wanapita mbio, wanasema ndiye yule aliyeua mtoto wa mwenzake. Ndani, Muthama anachota kwenye kopo lile lile. "Nusu nusu, mwaitu," anamwambia mama aliye mbele yake, "na maji mengi."

Kopo halijaisha. Liko rafu ya pili, mkono wa kushoto, na mlango haufungwi. Inuka hapo ulipo. Ingia, ulichukue, ukalimwage chooni kabla mama anayefuata hajaitwa.