Macho ya Mchana Mmoja

Filomena alikuwa akiwaambia watu kwamba anasubiri mfumo mpya wa kompyuta ukomae. Alimwambia hivyo Godlisten, fundi wake mwenye kibanda karibu na stendi ya Msamvu, na alimwambia hivyo Irene, dada wa shirika lililokuwa likimpa kazi. "Waache wengine wauonje kwanza," alisema. Yalisikika kama maneno ya mtu anayezijua kompyuta, na kweli alikuwa anazijua. Alijifunza mwenyewe, kitufe baada ya kitufe, tangu alipopunguzwa kazi ya kupokea simu katika ofisi moja ya mjini.

Lakini hiyo haikuwa sababu. Filomena alikuwa haoni tangu utotoni. Kompyuta yake ilimsomea kila kitu kwa sauti, ila wakati wa kubadilisha mfumo sauti ile hunyamaza. Mashine hujizima, hujiwasha, huandika asilimia kwenye kioo, husimama na kuuliza swali, na yote hayo kimya kimya. Anatakiwa mtu mwenye macho akae mbele ya kioo mchana mzima na kusema anachokiona. Filomena hakuwa na mtu huyo.

Zamani alikuwa naye. Mara ya mwisho mama yake ndiye aliyekaa, sinia la mchele mapajani, akichambua huku akitangaza kila kilichotokea, hata kisichohitajika. "Sasa kuna duara linazunguka. Bado linazunguka. Mwanangu, hili duara halichoki?" Ile sauti ya kiume ya kompyuta, kavu, isiyopanda wala kushuka, mama aliiita yule bwana. Akirudi kutoka sokoni aliuliza, "Yule bwana amesemaje leo?" Mama alizikwa makaburi ya Kola mwaka juzi. Tangu hapo yule bwana ndiye aliyezungumza ndani ya nyumba ile, na hakuna aliyemuulizia.

Kazi ya Filomena ilikuwa kusikiliza. Watafiti wa shirika walirekodi mazungumzo na wakulima, wakamtumia, naye akayaandika. Aliwajua watu wengi kwa namna hiyo. Alimjua mkulima wa mpunga wa Dakawa aliyekohoa kabla ya kila jibu, na mama mmoja wa Dumila aliyemkatiza mtafiti ili amkaripie mbuzi. Wakicheka, alicheka nao peke yake chumbani, vidole vikiwa juu ya vitufe. Kisha rekodi ilifika mwisho, na aliusikia tu mfereji wa maji nyuma ya nyumba, ukishuka kutoka mlimani.

Irene alipiga simu mwanzoni mwa mwezi.

"Dada Filo, safari hii sina namna. Mwezi ujao tunahamia kwenye programu nyingine ya kutumiana mafaili, na haikubali mfumo wa zamani. Nimewaomba wakusubiri, wamekataa."

"Nikichelewa?"

"Watatafuta mtu mwingine. Sitaki nikufiche."

Godlisten alikuja kesho yake. Aliangalia mashine, akasema ina nguvu za kutosha, akahifadhi kazi zote za Filomena kwenye diski ya pembeni, akaupakua mfumo mpya mpaka ukabaki kubonyezwa tu.

"Dada Filo, nipe niende nayo kibandani. Jioni unaipata imekamilika."

"Mara ile fundi mwingine alikwenda nayo akanirudishia ameitoa sauti. Alidhani ni virusi."

Godlisten alicheka. "Huyo naye. Mimi siitoi."

"Najua huitoi. Lakini pale kwako wanakaa vijana wangapi? Mmoja akigusa, mimi nitajuaje? Nitakaa hapa na kitu kisichosema."

"Basi kaa na mtu. Ni mchana mmoja tu. Mimi nisingekataa, ila nikifunga kibanda mchana mzima, wateja wananihama. Mwambie hata jirani."

"Nitamwambia," alisema Filomena.

Hakumwambia. Wapangaji wa vyumba vya mbele waliondoka alfajiri kwenda kiwandani na kurudi wakiwa hoi. Janeth wa nyumba ya pili alikuwa na watoto wadogo. Wote hao, kama angeomba wamsomee ujumbe au wamtafutie shilingi iliyoanguka, wangefanya mara moja na kwa moyo mweupe. Alishawaomba mambo ya namna hiyo mengi. Ila mchana mzima ni kitu kingine. Kumwomba mtu mchana wake mzima ni kumwambia kwamba huna mwingine. Siku zikapita hivyo. Mara umeme ulisumbua, mara mvua ilinyesha, na kila jioni Filomena alijikuta amepata sababu na amefurahi kuipata.

Bernadeta hakuwa kwenye hesabu zake. Alikuwa mama wa makamo kutoka juu mlimani, mkulima wa karoti na kabichi, ambaye siku za soko alishuka na tenga kichwani, na akishauza alipumzika barazani kwa Filomena kabla ya kupanda tena. Ilianza wakati wa mama. Mama alimpa maji, yeye akaacha fungu la mboga. Baada ya msiba aliendelea kuja. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, akaondoka. Hawakuwahi kuzungumza zaidi ya pale maji yanapokwisha kwenye kikombe.

Siku hiyo Filomena alimpokea kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepungua. Huli?"

"Nakula."

"Unakula nini, chai?"

Filomena alitabasamu. Alisikia maji yakinywewa, kisha kikombe kikiwekwa sakafuni. Hapo ndipo Bernadeta huwa anajifunga kitenge chake upya na kuaga.

"Mama," alisema Filomena, "unajua kusoma namba?"

"Namba? Ningekuwa sizijui wachuuzi wa sokoni wangenibakisha na nini?"

"Nina kazi ya kusoma namba. Ila ni ndefu. Inaweza kufika jioni. Sina mtu mwingine."

Filomena akaanza kusema kwamba haidhuru, kwamba wiki ijayo pia inafaa. Bernadeta alikuwa ameshavua kandambili mlangoni.

"Ziko wapi hizo namba?"

Filomena alimkalisha kwenye kigoda mbele ya meza, akavaa kisikilizio sikioni, akabonyeza. Yule bwana alisema maneno machache, kisha akakatika katikati ya neno. Filomena alikuwa ameutarajia ukimya huo.

"Kumeandikwa tatu, na ile alama ya asilimia," alisema Bernadeta. "Kuna duara linazunguka."

"Ndiyo. Uniambie likibadilika."

"Nne." Baada ya muda mrefu, "Tano. Mwanangu, hii mashine inajifungua, na mimi ndiye mkunga."

"Kama wewe ndiye mkunga, basi mtoto katanguliza miguu."

Bernadeta alicheka, kicheko cha tumboni ambacho Filomena hakukijua. Namba zilikwenda taratibu. Katikati ya namba Bernadeta alisimulia. Alisema nyumba yake sasa ina sufuria moja tu inayopata moto. Mume alikwishafariki, wanawe wawili wako kwenye mashamba ya miwa, wanapiga simu wakikumbuka. Kabichi za mwaka huu zimeingiwa na wadudu. "Arobaini na mbili," alisema, bila kubadilisha sauti. Filomena naye alimsimulia juu ya yule mkulima wa Dakawa na kikohozi chake, na yule mama na mbuzi wake. Hakuwahi kumsimulia mtu mambo hayo. Bernadeta alitaka kujua mbuzi alifanya nini baadaye, na Filomena akasema mtafiti alizima kinasa sauti.

"Watafiti," alisema Bernadeta. "Wanazima pale pale panaponoga."

Kisha akasema, "Zimesimama. Namba hakuna. Kuna maandishi mengi ya Kizungu, na chini kuna kisanduku cha buluu."

"Nisomee herufi za kwenye kisanduku."

"N. E. X. T."

Filomena alipapasa, akabonyeza kitufe cha kuendelea. "Sasa?"

"Maandishi mengine. Kisanduku kile kile."

Walikwenda hivyo, mmoja akitaja herufi, mwingine akibonyeza, mpaka kioo kikawa cheusi na Bernadeta akasema haoni kitu ila sura yake mwenyewe. Aliinuka akaenda uani kunawa uso. Filomena alisikia ndoo, kisha maji.

Ndipo yule bwana aliposema sikioni mwake.

Alisema neno la siri linahitajika. Sauti ilikuwa ile ile, kavu, kama aliyetoka nje kidogo na kurudi. Filomena aliandika neno la siri. Akafungua faili moja, ikafunguka. Akafungua ile programu ya Irene, ikamkubali. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Aliinamisha kichwa juu ya meza na kupumua. Kazi yake ilikuwa imepona. Alirudi kwenye ukurasa wa mwanzo, akakaa.

Kutoka uani Bernadeta aliuliza, "Bado inataka macho?"

Jibu lilikuwa rahisi. Mama wa watu alikuwa na mlima wa kupanda, na mchana ulikuwa umeshageuka. Filomena alijua pia kwamba akishasema imeisha, kitenge kitafungwa upya, tenga litakwenda kichwani, na siku ya soko ijayo watarudi kwenye kikombe cha maji na habari za mvua.

"Bado kidogo," alisema.

Nyayo ziliingia ndani, bila kandambili, zikasimama mbele ya meza. Filomena alikumbuka kwamba kioo kinaonekana kwa mwenye macho, na uso wake ukawaka moto.

"Namba zimeondoka," alisema Bernadeta polepole. "Naona picha ya bonde na maji, na saa pale kwenye kona. Haizunguki tena."

"Ndiyo, mama."

Filomena alingoja kusikia kitenge. Alichosikia ni kigoda kikivutwa, na mwili mzito ukikaa.

"Haya," alisema Bernadeta. "Basi tuisubiri. Wewe una mchele wa kuchambua humu ndani, au nikae bure?"