Miksi ya Spika Moja

Kazini walimwita Sikio, na jina alilipenda, maana lilikuwa sifa. Kazi yake kwenye ghala la filamu ilikuwa kusikiliza mikanda ya sauti ya zamani na kusema upi uokolewe. Asubuhi hiyo alikabidhiwa filamu ya mafuriko, ileile iliyomuua baba yake yeye akiwa bado anatambaa.

Msishangae. Filamu huua watu, na watazamaji huendelea kutafuna bisi zao.

Baba yake alikuwa akianguka kwa niaba ya waigizaji wenye sura za thamani. Daraja la mbao lilijengwa livunjike kwa ustaarabu, likavunjika lilivyotaka lenyewe. "Alikufa palepale, mwanangu. Hakuumia," mama alimwambia tangu utotoni, na maneno hayo ndiyo yaliyowalaza usingizi wote wawili. Filamu yenyewe mama alimkataza kuitazama.

Filamu hiyo ilikuwa na miksi mbili, yaani sauti zake zilichanganywa kwa namna mbili. Moja ya majumba makubwa yenye spika kila upande, nyingine ya majumba ya uchochoroni yenye spika moja nyuma ya pazia. Muziki mzito ungezipasua spika zile kuukuu, kwa hiyo mafundi waliushusha, wakapandisha sauti za watu. Mashine ya kunakili ilikuwa moja tu, na bosi alitaka miksi moja ichaguliwe.

Sikio alianza na ile kubwa. Daraja lilianguka, ngoma na tarumbeta zikafunika kila kitu. Akashusha pumzi, akaweka ya spika moja.

Daraja likaanguka tena. Safari hii, chini ya muziki mwembamba, mwanamume alipiga kelele: "Simamisheni! Mguu! Jamani, mguu wangu!" Kamera haikusimama. Mtu yule aliita na kuita, sauti ikijaa maji, hadi aliposema, "Mwambieni mama mtoto..." Hapo maji yakammaliza. Mafundi wa zamani walidhani ni uigizaji mzuri, wakaupandisha.

Sikio alisimamisha mkanda. Halafu wazo moja tu likamjia: mama asisikie. Bosi alikuwa amemwalika mama kwenye onyesho la majaribio, akae mstari wa mbele kama mjane wa marehemu.

"Mimi naona tuchukue ile ndogo," bosi alisema. "Ina uhai, au siyo? Yule mwigizaji wa darajani anasisimua mwili."

"Imeoza, bosi. Inanuka siki."

Mkanda unaonuka siki huambukiza mingine, na desturi ya ghala ni kuuchoma siku hiyohiyo. Hakuna aliyeunusa kuhakikisha. Sikio akisema, amesema. Aliubeba mwenyewe hadi kwenye tanuri, akilia njia nzima, na akautia motoni.

Siku ya onyesho mama alikuja na shali yake nzuri. Sikio alikaa karibu yake, roho mkononi. Mafuriko yalipofika darajani, mama aliinama mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Ngoma zikanguruma. Tarumbeta zikalia. Mama hakuondoa kiganja hadi filamu ilipokwisha na watu wakatoka.

"Mbona hayumo?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Baba yako."

"Mama, si uliniambia alikufa palepale?"

"Ulikuwa mtoto. Ningekwambiaje?" Mama alijifuta macho kwa ncha ya shali. "Nilikuwa nakwenda kule uchochoroni kila walipoionyesha. Watu wanapiga makofi, mimi namsikiliza. Ananitaja, unajua? Sina kanda yake, sina barua, nina pale tu. Kisha lile jumba wakalifunga. Bosi wako aliponialika, wiki nzima sikulala kwa furaha."

Sikio alianza kulia.

"Basi usilie, mwanangu. Wewe si ndiye fundi? Nirudishie pale. Punguza ngoma kidogo tu, atasikika."

Sikio alikwenda kwenye mashine, akarudisha. Alizima spika zote zilizobeba ngoma, ikabaki ya katikati yenye mlio wa mbao na maji peke yake, bila sauti ya mtu. Daraja likaanguka. Mama akainama mbele, akaendelea kusikiliza.