Mpole wa Kamati

Kamati ya mazishi ilinipa kazi ya kuandika wasifu wa susu, nyanya yangu, kwa kuwa mimi hufanya kazi ofisini mjini na nina kompyuta. Nikaandika ukweli. Mwalimu Ndanu alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na minne katika mji mdogo kule Makueni, na sidhani kuna sikio la mji ule ambalo hakuwahi kulivuta. Siku moja alisimamisha harusi kanisani ili bwana harusi, mwanafunzi wake wa zamani, atoe mikono mfukoni.

Shangazi Kasyoka, mwenyekiti wa kamati na binti pekee wa susu, alinipata kwenye hoteli ya chai karibu na ofisi yangu, akaisoma karatasi miwani ikiwa puani. Akafuta harusi. Akafuta masikio. Mahali pake akaandika kwamba marehemu alikuwa mpole, mnyamavu, asiyependa ugomvi. Nilimwambia huyo mimi simjui. Akanijibu kwamba wasifu wa watu wote huandikwa hivyo, tena wachapaji wanangoja. Iliniuma sana. Nilitaka tumzike susu, si mgeni fulani mpole.

Kabla ya safari ya nyumbani tulikuwa na ibada ya kumkumbuka katika kanisa moja la Waithaka, maana nusu ya wanafunzi wake walihamia Nairobi zamani. Nilisoma kama nilivyoagizwa. Nilipofika kwenye “mpole”, watu wakaanza kutazamana, kisha mkono ukainuka katikati ya viti.

Alikuwa Mutiso, fundi wa magari kutoka Riruta, mtu mzima mwenye kitambi na watoto wanne. Mkono wake ulibaki juu mpaka nikamruhusu kusema.

“Huyo mpole ni nani?” aliuliza. “Mimi Mwalimu alinitoa disko nikiwa na miaka ishirini na tatu. Na sikio. Mbele ya wasichana. Kesho yake nilikuwa na intaviu, na kazi nikapata.”

Mikono saba ikapanda kwa mpigo. Mama mmoja akaeleza jinsi Mwalimu alivyoingia kwao wakati wa chakula cha jioni, akaketi, akala akashiba, ndipo akaomba kuona daftari. Kanisa lilicheka hadi mchungaji akaacha kutazama saa. Mimi nilikuwa namwibia shangazi jicho, nikijua leo nimekwisha.

Naye akainua mkono. Sikujua kama nina mamlaka ya kumruhusu, nikaitikia kwa kichwa tu.

Alisema susu alimrudisha darasa la tatu, yeye mtoto wake wa kumzaa, akiwa na miaka tisa, na wenzake wakamcheka mwaka mzima. Mwaka huo susu alimwita “mwanafunzi” hata nyumbani, na kila jioni walisoma pamoja jikoni mpaka ugali ukaungua.

“Nikawa namba moja,” shangazi alisema. “Siku hiyo akaniita mwanangu. Mimi nilikuwa na hasira, nikajifanya sijasikia. Hatukuwahi kuizungumzia tena, na mimi ndiye nikaenda kumwandika mpole.”

Akaigeukia picha ya susu pale mezani.

“Naam, Mama,” akaitika.

Nililia mbele ya watu wote, karatasi ya kamati ikiwa bado mkononi.