Misafara Miwili Ndani ya Kamera ya Raymundi

Kamera ya kumshinda Raymundi wa Ipuli bado haijatengenezwa, na Mzungu wa kuitengeneza hajazaliwa. Hilo tukubaliane kabla hatujaenda mbali.

Jumamosi ya arusi ya Apolinaria na Kornel, saa nane mchana, Raymundi alisimamisha kamera yake mbele ya kanisa, akawapanga maarusi mlangoni, akamwambia Kornel afumbe mdomo kidogo, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kilango cha lenzi, kile kinachofunguka na kujifunga mara moja kupisha mwanga, kilikuwa kimekwama.

"Imekushinda?" akauliza Minza, dada mkubwa wa bibi arusi.

"Inapumzika, dada."

Kornel alikuwa amekwisha kutia dole gumba kwenye mkataba wa mashamba ya mkonge huko Tanga. Treni ya saa kumi na moja ingemchukua pamoja na vijana wengine, wale tunaowaita manamba, kwa miaka miwili. Kibati chenye namba yake kilikuwa tayari shingoni, chini ya tai. Wakala alisema arusi ni jambo zuri na treni haingoji.

Apolinaria hakutaka keki. Alitaka picha. Mama yake alipofariki, sura yake ilimtoka kichwani upesi. "Kwanza ilipotea pua," alimweleza Raymundi, "halafu macho. Siku hizi nakumbuka kanga yake tu. Huyu naye nitabaki na tai yake tu?"

Raymundi akaanza kazi. Akapuliza vumbi. Akakaza springi upya. Akaiweka kamera kwapani ipate joto, maana mafuta ya zamani huganda. Mwisho akachovya unyoya wa kuku kwenye petroli akapaka ukingoni mwa kilango. Ndani kukasikika ko, ko, ko, kisha sauti nyembamba: "Nani anatutilia utelezi njiani?"

Akafungua lenzi ya mbele akachungulia. Misafara miwili ya wapagazi, kila mtu kimo cha punje ya mpunga, ilikuwa imekutana kwenye kilango. Mmoja ulirudi kutoka pwani na majora ya nguo. Mwingine ulikwenda pwani na pembe za ndovu. Njia ilikuwa ya kupita mtu mmoja. Basi makirangozi, wale wanaotangulia mbele ya msafara wamevaa manyoya kichwani, walikuwa wanapigana vipaji vya uso kama mabeberu, kwa desturi yao: anayeyumba ndiye anayepisha. Hakuna aliyeyumba.

Raymundi akampisha Bibi Nyamizi, nyanya wa bibi arusi, naye achungulie.

"Njia yao ilipita hapa hapa," bibi akasema. "Ni kanisa lililoikalia." Akainama tena. "Shikamoo, kirangozi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu yule wa pembe.

"Mpishe mwenzio, tuna arusi."

"Nikimpisha watanicheka mpaka Bagamoyo."

"Kwani mna haraka?"

"Haraka ya nini? Pembe si zetu, na tukifika tunarudishwa kufuata nyingine. Lakini kupisha, sipishi."

"Mimi nina haraka, nakwenda kwa mke wangu," akasema yule wa nguo. "Lakini akisikia nimepisha, hanifungulii mlango."

Raymundi, kwa akili zake nyingi za shule, alishauri wapige kura. Makirangozi walicheka pamoja, kisha wakaendelea kupigana vipaji.

Bibi Nyamizi akaagiza ngoma. Wapigaji wakasogea karibu na kamera wakazichapa. Mnyamwezi, hata awe na pembe begani, ngoma ikilia mabega hayatulii. Makirangozi wakaanza kucheza vipaji vikiwa bado vimegusana. Wakazunguka nusu duara, huyu akawa upande wa yule, yule upande wa huyu. Wapagazi wakafuata wakizunguka wawili wawili vivyo hivyo. Hakuna aliyepisha, na wote wakapita. Nje nako watu walikuwa hawashikiki. Minza alivunja kisigino cha kiatu akaendelea na mguu mmoja. Kornel alimnyanyua Apolinaria akasahau kumshusha.

Nyuma kabisa ya msafara wa kwenda pwani ilibaki pembe moja chini, haina mbebaji. Raymundi aliiona. Akarudisha lenzi, akawapanga maarusi, akabonyeza. Cha!

Arusi nzima ilimsindikiza Kornel steshini kwa ngoma. Treni iliondoka saa kumi na moja kamili, na yeye dirishani anaimba.

Jumatatu picha ikatoka. Maarusi wanacheka, meno yote nje. Nyuma yao msafara unapita, na mkiani yupo Kornel tena, mdogo, pembe begani, koti lile lile la arusi. Apolinaria aliuliza jambo moja tu: "Anaelekea wapi?"

Siku ile Raymundi alipiga akitazama kaskazini, kwa hiyo pwani iko upande wa kulia wa picha. Kornel mdogo alikuwa anatembea kwenda kushoto.

"Anarudi nyumbani," Raymundi akamwambia. Na ndivyo ilivyo, picha haina uongo. Apolinaria akapiga kigelegele peke yake, akaitundika juu ya kitanda.

Hadithi yangu ilifika hapo, na wasikilizaji kibarazani wameanza kupiga makofi, Minza alipoweka chini ungo wake wa mchele.

"Tangu lini pembe zikatoka pwani?" akasema. "Na koti lile Kornel aliliazima kwa mume wangu, nalipiga pasi mimi. Mfuko wa kifuani uko kushoto. Kwenye picha umehamia kulia kwake. Uliigeuza filamu ulipokuwa unasafisha picha, Raymundi."

Aliniambia hivyo mbele za watu, bila hata kupunguza sauti.

"Dada Minza, tafadhali," nikasema, "Apolinaria asijue."

"Asijue?" Akauchukua ungo akaendelea kupepeta. "Mfuko nilionyeshwa na yeye. Akanikataza nisikwambie, eti utavunjika moyo."