Faili Lililokaa Kimya

"Saini ya kwanza hapa ni yako, Zahoro," Bwana Abeid, mkuu wake wa kazi, alisema, akimrudishia orodha ya mafaili ya kuchomwa. "Sasa unataka nini?"

Zahoro alitaka faili moja tu. Ushirika wa korosho ulikwisha vunjwa, na hapo Kisarawe karani huyu wa masjala alibaki kulinda makaratasi yake. Faili lenyewe lilikuwa la Bi Mwanamkuu, mjane wa Maneromango, aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa akaiacha mikorosho yake. Sasa mtu mwingine alikuwa akiivuna. Bila faili lile, bibi wa watu hakuwa na ushahidi hata wa jani moja.

"Faili lisiloingia barua miaka mitano limekufa," Bwana Abeid alisema. "Wewe umeliorodhesha, mimi nimekubali, Dar wameidhinisha. Likipungua moja, nani atamjibu shahidi wanayemleta kuangalia tukichoma?"

"Mzee, nakuomba."

"Niombe kingine."

Limekufa, eti! Na Bi Mwanamkuu mwenyewe alikuwa akija kila mwezi, vumbi limemjaa miguuni. Barua hakuandika kwa kuwa Zahoro mwenyewe alimwambia asijisumbue. Mtu mzima kama yule, utamtumaje akahangaike kutafuta wa kumwandikia? Alimkaribisha, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho. Adabu yote hiyo haikuingia kwenye faili. Na siku ya kuorodhesha alitazama tarehe za barua tu, kama alivyofundishwa kazi, majina hakuyasoma.

Alasiri walichoma nyuma ya ghala. Shahidi kutoka Dar alisoma namba, Zahoro akatupia motoni. Namba ya Bi Mwanamkuu ilipotajwa, alilitupia nalo. Angefanya nini?

Moto ulikuwa bado unawaka bibi alipotokea pembeni ya ghala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mnachoma taka?"

Zahoro alimsogelea.

Bi Mwanamkuu alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Leo nimekuletea barua. Mjukuu wangu kamaliza la saba, kaniandikia yote. Nimekuchosha mno kwa maneno ya mdomo."

Zahoro aliipokea kwa mikono miwili.

"Na hiyo imo kwenye orodha?" shahidi aliuliza.

"Haimo."

Bi Mwanamkuu alikwenda kuketi kizingitini mwa masjala, akanyoosha miguu yake, akangoja majibu.