Unga wa Kusukumia

Bonge hakuwa bonge tena, lakini nani angethubutu kulivua jina lililokaa miaka ishirini? Pale kiwandani kwa mikate, alipokuwa mkandaji mkuu, walimwita Bonge enzi zile alipokuwa hapiti mlango wa stoo bila kugeuka ubavu, na wakaendelea kumwita Bonge alipoanza kupita mlango huohuo akiwa na trei ya mikate kila mkono. Madaktari walikuwa wamempunguza tumbo la chakula, sasa ni mwaka na miezi miwili, na nusu ya Bonge ikaenda zake. Ngozi ndiyo ilibaki.

Eh, ngozi hiyo! Bonge alidai hakuna aliyemwonya. Uongo, alionywa, tena kwa karatasi, ila mtu akiahidiwa wembamba husikia wembamba tu. Ngozi ya tumbo ilimning'inia mbele kama aproni ya pili, na tanuri lilipopamba moto jasho lilijificha chini yake likakataa kutoka. Pakaanza kuwasha. Mwanzoni paliwasha kwa adabu, baadaye bila hata chembe ya adabu, katikati ya kazi, mikono yote miwili ikiwa ndani ya unga uliokandwa. Pakawa pekundu, pakatoka vipele, pakachubuka.

Mtu mwenye akili angekimbilia kliniki. Bonge alikuwa na akili, tena tele, ila zote zilikuwa za mikate. Kwa mkandaji, kitu kikinata dawa yake ni moja, na iko kwenye bakuli kando ya meza: unga mkavu, unga wa kusukumia. Unanyunyiza, unapangusa, donge linabanduka safi. Basi asubuhi moja akajifungia bafuni, akainua ngozi kwa mkono wa kushoto, akanyunyiza kwa mkono wa kulia, kwa ule wepesi wa fundi, akajiona mjanja kweli. Saa mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Kufika saa nne, unga ulikuwa umeshakutana na jasho, na mnajua wenyewe unga ukilowa ukawekwa penye joto unakuwa nini. Bonge akaongeza unga.

Mtauliza, kwa nini asimwambie mumewe? Mume alikuwepo, mzima, dobi, na duka lake la kufulia lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Tena alikuwa mume wa kuambiwa. Kabla ya operesheni alikataa kusaini kwa wiki tatu. "Mimi ulivyo sina neno," alimwambia mkewe. "Nikikupoteza kwenye kisu, nitamlilia nani?" Bonge akaapa: hata ukucha ukimuuma, Dobi atakuwa wa kwanza kujua. Ndipo mkono ukashika kalamu.

Sasa kiapo kilikuwa kimevunjwa, na hilo peke yake lilitosha kumnyamazisha. Lakini kulikuwa na jingine, na hilo ndilo lililomchoma kuliko vipele. Pale dukani kila nguo ilishonewa uzi wa rangi ndani ya kola ili isipotelee kwa mteja mwingine. Nguo za Dobi mwenyewe zilikuwa na mishono miwili iliyopishana ya uzi mwekundu. Za mkewe hazikuwahi kutiwa alama. "Zako nani atazichukua?" Dobi alikuwa akimtania. "Mji mzima huu hakuna wa kuzivaa!" Wakacheka wote wawili mpaka mbavu zikauma. Halafu, mwezi uliopita, gauni jipya la bluu la Bonge lilipigwa pasi, likakunjwa, likafungwa, likapelekwa kwa mwalimu wa mtaa wa pili. Liliporudi, Dobi alilitazama kama kitu kilichookotwa. "Sikujua kama ni lako," akasema.

Sentensi hiyo Bonge aliimeza na haikushuka. Kama gauni halijui, je, aliye ndani yake? Na akiiona hii ngozi iliyolegea, na uchafu huu ulio chini yake? Tuseme ukweli, mwanamke aliogopa. Aliogopa mumewe atatazama, atanyamaza, na moyoni atajuta kusaini.

Kwa hiyo ukaanza usiri. Mlango wa bafuni ukawa haufunguki asubuhi, ndani feni ya mezani inanguruma. Kitandani akawa analala na gauni refu la kufika vifundoni. Dobi akimshika kiuno, anaruka. Shuka zikawa na vumbi jeupe lisiloeleweka. Dobi hakuuliza kitu. Pasi yake tu ndiyo ikawa inashuka mezani kwa kishindo.

Asiyeweza kunyamaza alikuwa wifi, dada mkubwa wa Dobi, karani wa mahakama aliyestaafu miaka sita iliyopita na ambaye bado hajapata habari hizo. Aliona shuka kwenye kamba, akasikia feni, akafunga mahesabu yake. Jumapili, saa kumi alasiri, akaitisha kikao sebuleni. Upande wa Bonge akamwita kaka yake, fundi bomba, akimwambia kwenye simu kwamba kuna tatizo bafuni. Maskini ya Mungu, mtu wa watu akaja na spana.

"Kikao kimeanza," akasema wifi, daftari mapajani. "Shemeji, weka chini hiyo spana."

"Kwani hapavuji?" akauliza fundi bomba.

"Patavuja sasa hivi. Mwanamke amekonda, amekuwa kijana. Sawa. Kajifungia bafuni na feni, siku ishirini mfululizo. Vumbi jeupe kitandani. Mumewe akimgusa anaruka kama kaguswa na umeme. Wifi yangu, mimi nakupenda, lakini swali ni moja. Ni nani huyo?"

Bonge akamtazama mumewe. Alitegemea acheke. Dobi alikuwa anaangalia viganja vyake, uso umemshuka, na Bonge akaona jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata mara moja: mtu huyu anaamini. Wiki tatu nzima ameamini, na amekaa nalo kimya.

"Simama ujibu," akasema wifi.

Bonge akasimama kwa hasira, kwa ghafla, na sebule ilikuwa na joto. Kitu kikamdondoka chini ya gauni. Kikagonga sakafu, kikabiringika taratibu, kikasimama kwenye kiatu cha karani. Donge. Dogo, la ukubwa wa kidole gumba, la kijivujivu.

Fundi bomba akainama, akalichunguza kitaalamu. "Hili si la bomba," akasema.

Dobi akaliokota. Akalibonyeza, akalinusa, kama anavyonusa kila nguo kabla ya kuitia majini. "Unga," akasema polepole. "Umechacha. Unatoka wapi?"

"Tumboni," akasema Bonge, na hapo kicheko na kilio vikamtoka kwa mpigo, asiweze kuzuia kimojawapo.

"Tumboni kwa nani?" akauliza wifi, kalamu juu.

"Dada," akasema Dobi, "nenda nyumbani."

Bafuni Dobi akamwinulia ngozi kwa mikono miwili, ile mikono ya kuinua mablanketi yaliyolowa. Bonge akafumba macho, akausubiri ule ukimya. Ukaja kweli, ukakaa.

"Nani alikufundisha," Dobi akasema mwishowe, "kukunja kitu kibichi?"

Bonge akafumbua jicho moja.

"Shuka mbichi nikiikunja nikaiweka kabatini, siku ya tatu inakuwaje?"

"Inaota ukungu."

"Na wewe ukainyunyizia unga. Ukaupa ukungu chakula!" Akafungua bomba. "Uliapa nitakuwa wa kwanza kujua. Nimetanguliwa na dada yangu na fundi bomba."

"Nisamehe, mume wangu."

"Nilidhani unaondoka," akasema Dobi, akiwa amempa mgongo. "Nilishajiambia, mwache aende, amepata mtu anayelijua gauni lake."

Jumatatu wakaenda kliniki wote wawili. Muuguzi alisikiliza habari ya unga mpaka mwisho, akageukia dirishani, mabega yakamtikisika kwa muda. Kisha akawa mkali kama pilipili. Wagonjwa wa namna hii anawaona kila wiki, akasema, na wote huja wamechelewa kwa aibu. Osha kwa sabuni isiyo kali. Kausha kwa kubonyezabonyeza, usisugue. Paka dawa hii ya fangasi. Weka kitambaa safi cha pamba katikati ya ngozi na ngozi, kikilowa badilisha. Palipochubuka arudi papimwe tena baada ya wiki mbili. "Na unga, mama, uache kazini."

Ijumaa asubuhi Bonge alikuta rundo juu ya kitanda. Vitambaa thelathini vilivyokatwa kutoka kwenye shuka kuukuu ya pamba, vimechemshwa, vimepigwa pasi, kingo zimepindwa kwa mkono. Kwenye pembe ya kila kimoja palikuwa na mishono miwili iliyopishana ya uzi mwekundu. Akafungua kabati. Gauni la bluu, ndani ya kola, uzi mwekundu. Gauni la kulalia, uzi mwekundu. Hata aproni ya kazini.

Akatoka mpaka dukani na kitambaa kimoja mkononi. Akakinyoosha mbele yake.

Dobi hakuinua macho kwenye pasi. "Zamani hakukuwa na haja," akasema. "Siku hizi mtu anaweza kuja hapa akajichukulia tu."

Bonge akarudi ndani, machozi yanamtiririka na tumbo linamwasha. "Njoo uninyanyulie," akaita, "nachelewa kazini." Akaingia bafuni, mlango akauacha wazi.