Upepo wa Kilomita Themanini

Mkurugenzi alifika gereji saa nne asubuhi, akaegesha gari chini ya bati na kueleza shida yake bila kushuka. Kioo cha mlango wa dereva kilikuwa kinapitisha upepo. Gari likifika kilomita themanini kwa saa, upepo unaanza kuongea.

"Unaongea nini?" Mama Vioo akauliza, akipangusa mikono.

"Kelele tu. Eti amechoka, eti tusimame. Nimeshaajiri madereva wawili, na wote wakiisikia, nao wanaanza kuomba kupumzika. Ukinizibia hapo utakuwa umenisaidia sana."

Mama Vioo alilijua gari. Mumewe aliliendesha miaka sita, na mwaka uliopita alifia humo, kwenye daraja la pili, huku Mkurugenzi akitoka kiti cha nyuma na mchubuko wa kiwiko. Ripoti ilisema dereva alisinzia kwa uzembe wake mwenyewe. Kampuni ilimtuma tarishi na barua ya rambirambi, jina la marehemu limekosewa. Mkurugenzi hakuwahi kuuliza kama dereva wake alikuwa na mke, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumjua fundi aliyesimama mbele yake. Aliambiwa tu kwamba kwa vioo vya milango hakuna kama huyu mama.

Mama Vioo alikuwa na sharti moja, na hakumwondolea mtu, awe mkubwa awe mdogo. Mwenye gari lazima apande naye kwenye majaribio, anyamaze, aoneshe kwa kidole sauti inapotokea. Na kazi haijaisha mpaka aseme kwa mdomo wake kwamba imeisha. Mkurugenzi alinuna, akahamia kiti cha abiria.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja aliomba lifti hadi njia panda. Ndiye aliyeiandika ile ripoti ya ajali. Aliketi nyuma, akashukuru. Mshale ulipogusa themanini sauti ikaingia, ya taratibu, yenye mkwaruzo kidogo, kama aliyokuwa nayo marehemu kila asubuhi akiamka.

"Bosi, nimeendesha tangu jana alfajiri. Macho yanafumba. Tusimame hata robo saa."

Ikafuata sauti ya Mkurugenzi, ile ile, ila ya mwaka mmoja nyuma: "Utalala tukifika."

"Hapo," akasema Mkurugenzi, akionesha kona ya juu ya kioo. "Umesikia?"

"Nimesikia." Mama Vioo akamtazama askari kwenye kioo cha ndani. "Afande, nawe umesikia?"

"Neno kwa neno."

"Sasa ile ripoti ya ajali..."

"Mama, ripoti ilishapigwa muhuri." Askari alisema kwa upole, kama anayeeleza ofisi inafungwa saa ngapi. "Na fomu yetu haina sehemu ya upepo. Hiyo raba ya kioo imechoka, ibadilisheni."

"Fundi," Mkurugenzi akadakia, "unatengeneza gari au unasikiliza kesi?"

Askari alishuka njia panda, na Mama Vioo akageuza gari. Mwaka mzima alikuwa akiamini kwamba akipatikana mtu mmoja tu wa kusikia, jina la mumewe litasafishwa. Sasa wamesikia wawili, mmoja mwenye kalamu na mwingine mwenye hatia, na wote wameona shida ni raba. Hasira zilimpanda hadi masikio yakawa ya moto. Akaendelea kuendesha kwa mikono miwili.

Waliporudi, Mkurugenzi aliagiza chai akakaa na simu zake. Mama Vioo akabandua kava ya ndani ya mlango. Kosa lilikuwa dogo. Waliounyoosha mlango baada ya ajali walizikaza nati za reli ya kioo bila kupima, kioo kikaegemea nje kwa unene wa njiti ya kiberiti. Alichomeka kipande cha gazeti kati ya kioo na raba, akafunga mlango, akakivuta kipande kile. Kilitoka bila kung'ang'aniwa popote. Akaufunga mpira wa kompresa ya hewa kwa nje, upulize kwenye kona ile, akaingia ndani na kujifungia.

"Mama watoto," upepo ukaita.

"Abee."

"Nimechoka."

"Najua, baba."

"Kila wakiwasha gari naanza safari upya. Niache nilale."

Angeweza kuiacha nafasi ile. Angeweza hata kukilegeza kioo zaidi, mumewe alalamike kwenye kila kizuizi, na kila askari ampe ushauri kuhusu raba. Alilia kidogo, mikono ikiwa magotini. Kisha akatoka na spana namba kumi, akazungusha nati robo, kioo kikainamia ndani, akapima kwa gazeti. Robo nyingine. Sauti ilipungua ikawa pumzi tu, ya mtu anayepitiwa na usingizi. Safari ya tatu karatasi ilichanikia mkononi, na hata pumzi ikakoma. Akakaza nati zote mbili, akazima kompresa.

Kwenye majaribio ya mwisho walifika themanini, wakafika mia. Hakuna kilichoingia. Mama Vioo alisubiri, maana sharti ni sharti.

"Imeisha," Mkurugenzi akasema.

Waliporudi gereji, Mkurugenzi alipokea ufunguo, akashika usukani mwenyewe, kioo kikiwa chini, uso umechangamka.

"Una mkono mzuri, mama. Nani alikufundisha?"

"Mume wangu. Yeye alikuwa anaendesha, mimi nasikiliza."

"Basi msalimie."

Akapandisha kioo, akapiga simu. Mama Vioo alisimama hatua mbili kutoka mlangoni. Aliona midomo ikisema, ikicheka, ikisema tena, na hakusikia neno hata moja. Kazi ilikuwa safi.